Chai Badala ya Maziwa: Mwongozo wa Kuchora Upya Mchoro wa Kale kwa Simu au Kompyuta

Mara ya kwanza nilipomchora upya yule mwanamke wa Vermeer anayemimina maziwa, nilidhani siku mbili zimetosha. Nilimvika kitenge, nikamnyang'anya gudulia nikampa chupa ya chai, nikapanga chapati mahali pa mikate. Jioni nikampa mama simu aone. Akaitazama, akaisogeza mbali kidogo na macho, akasema: "Hiyo chupa haina chai ndani, mwanangu."

Nilibisha. Kisha nikarudi kwenye mchoro wa asili, nikaona alichokiona. Mwanamke wa Vermeer ameshika mpini wa gudulia kwa mkono mmoja na kitako chake amekibeba kwa mkono wa pili. Kichwa kimeinama kufuata kile kiuzi cha maziwa. Ukiutazama mchoro ule, mikono yako mwenyewe inasikia uzito. Wangu alikuwa amenyoosha kiganja kama anayepokea mgeni mlangoni. Nilikuwa nimebadilisha kila kinachoonekana upesi, nikakiacha kile kinachoushikilia mchoro wote.

Mwongozo huu unafuata mchoro huohuo mmoja, *Mmimina Maziwa* wa Johannes Vermeer, tangu kupakua faili hadi kuipeleka kazi kwa watu. Hatua zake utazitumia kwa mchoro mwingine wowote utakaoupenda: wimbi la Hokusai, alizeti za Van Gogh, busu la Klimt. Huhitaji zaidi ya simu janja, programu ya bure na subira ya wiki mbili hivi.

KWA NINI UCHORE KILICHOKWISHA KUCHORWA

Wachoraji wamekuwa wakifanya hivi tangu zamani, na wakubwa zaidi ndio waliofanya sana. Van Gogh, akiwa hospitalini Saint-Rémy kati ya 1889 na 1890, alichukua picha za Millet zilizochapwa kwa rangi nyeusi na nyeupe, akazichora upya kwa rangi zake mwenyewe: wapanzi, wavunaji, mtoto anayepiga hatua za kwanza. Picasso mwaka 1957 alijifungia na mchoro mmoja tu wa Velázquez, *Las Meninas* wa mwaka 1656, akatoka na mfululizo wa picha 58 ambazo leo ziko katika makumbusho yake mjini Barcelona.

Mwaka 2009 Awol Erizku, msanii mzaliwa wa Ethiopia aliyekulia New York, alipiga picha aliyoiita *Msichana mwenye Hereni ya Mwanzi*, akimjibu Vermeer na msichana wake mwenye hereni ya lulu. Itazame picha ile taratibu. Msichana wa Erizku ni Mweusi, na hereni ni ya mtindo wa mitaa ya New York. Mgeuko wa shingo, kilemba, giza la nyuma na jicho linalokutazama begani vimebaki palepale. Amebadilisha machache, kwa hiyo kila alichokibadilisha kinasikika.

Hicho ndicho ninachotaka ukishike kabla hujagusa brashi. Mtazamaji anayeujua mchoro wa kale huja na kumbukumbu yake. Ukibadilisha vitu ishirini, kumbukumbu hiyo inapotea na picha yako inakuwa picha nyingine tu ya jikoni. Ukibadilisha vitatu kwa sababu unayoijua, anaona michoro miwili kwa pamoja, wa Delft, mji wa Uholanzi alikochora Vermeer, na wako.

KABLA YA VIFAA, HAKI

Watu wengi huanza na programu na kumalizia na sheria. Geuza mpangilio huo, kwa sababu inauma kuifuta kazi ya wiki mbili.

Tanzania na Kenya, hakimiliki ya mchoro hudumu maisha ya msanii pamoja na miaka 50 baada ya kufa kwake. Umoja wa Ulaya ni miaka 70. Picha ukishaiweka kwenye intaneti imevuka mipaka yote hiyo, kwa hiyo tumia kipimo kirefu: chagua msanii aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Vermeer alifariki 1675, Hokusai 1849, Van Gogh 1890, Klimt 1918, Munch 1944. Hao hawana tatizo. Picasso alifariki 1973, Dalí 1989. Hao waache kwanza.

ONYO. Usidhani kwamba kila kinachouzwa barabarani hakina mwenyewe. Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, lakini michoro mingi inayoitwa kwa jina lake, wale chui na ndege wa rangi za mafuta zinazong'aa, imechorwa na watu walio hai na wanaoishi kwa kazi hiyo. Ukimtaka chui wa mmoja wao, mfuate, muombe, mkubaliane malipo.

Tena, nchi nyingine zina sheria za urithi zilizo nje ya hakimiliki. Mwaka 2022 makumbusho ya Uffizi ya Florence yalichukua hatua za kisheria dhidi ya kampuni ya mavazi ya Jean Paul Gaultier kwa kutumia Venus wa Botticelli kwenye nguo, ingawa Botticelli alikufa mwaka 1510. Kwa mazoezi na maonyesho huna haja ya kuogopa. Ukitaka kuuza fulana zenye mchoro ulio mikononi mwa taifa la Italia, uliza kwanza.

KISANDUKU: VIFAA

☐ Simu au tableti yenye ibisPaint X (toleo la bure lina matangazo, lakini linatosha), au kompyuta yenye Krita au GIMP, zote mbili za bure. Kompyuta ikiwa dhaifu, Photopea hufunguka ndani ya kivinjari bila kusakinishwa.
☐ Kalamu ya skrini. Kidole kinaweza, lakini mstari mwembamba utakutesa.
☐ Nafasi ya angalau GB 2 kwenye simu.
☐ Daftari la karatasi. Usiliruke hili.

HATUA YA 1: PATA FAILI SAFI

Ukiandika jina la mchoro kwenye kitafutio utapata mamia ya nakala, na nyingi ni mbovu. *Mmimina Maziwa* una historia yake katika jambo hili. Makumbusho ya Rijksmuseum ya Amsterdam, unakokaa mchoro huu, yaligundua kwamba intaneti imejaa nakala zake zilizogeuka njano kiasi kwamba wageni waliiona kadi ya posta dukani, yenye rangi sahihi, wakadhani kadi ndiyo iliyokosewa. Makumbusho yakaamua dawa ni moja, kutoa picha nzuri zao wenyewe bila malipo. Leo unaipakua kutoka tovuti yao ikiwa kubwa kuliko utakavyohitaji, na ruhusa ya kuibadilisha unayo.

Makumbusho mengine yamefuata njia hiyo. Metropolitan ya New York ilifungua picha zake mwaka 2017, Art Institute of Chicago mwaka 2018, Cleveland Museum of Art mwaka 2019. Ukifika kwenye ukurasa wa mchoro, tafuta alama ya CC0 au maneno yanayosema ni mali ya umma. Usipoyaona, hama.

Faili ukishaipata, ihifadhi mara mbili: moja ya kufanyia kazi, moja usiyoigusa kamwe.

HATUA YA 2: KAA NA MCHORO SIKU MOJA BILA KUCHORA

Hapa ndipo wanafunzi wangu wanaponikasirikia, na ndipo kazi inapopatikana. Vuta picha ipanuke hadi skrini ionyeshe robo tu ya mchoro kwa wakati, uipitie yote, ukiandika kila unachokikuta. Usitafsiri. Andika tu.

Haya ni baadhi ya niliyoyakuta mimi katika mchoro wenye urefu wa sentimita 45.5 na upana wa 41 tu, mdogo kuliko meza ya kahawa:

– Dirisha liko kushoto, na kioo kimoja kidogo kimevunjika.
– Ukutani kuna msumari mtupu na kivuli chake, na matundu ya misumari iliyong'olewa.
– Mikate ina nukta nyeupe za mwanga, kama imenyunyiziwa chumvi.
– Chini ya ukuta kuna safu ya vigae vya Delft, na katika kimoja amechorwa Kupido, yule mtoto mungu wa mapenzi.
– Sakafuni kuna kisanduku cha mbao chenye makaa, cha kupashia miguu moto.
– Aproni ni ya buluu kali. Ni rangi ya lapis lazuli, jiwe lililokuwa likichimbwa milima ya Afghanistan na kuuzwa kwa bei ya kutisha. Vermeer alimpaka nayo mtumishi wa jikoni.

Mambo mawili ya mwisho yalinikalisha kitako. Jikoni ni baridi, na mwanamke huyu amevishwa buluu ya gharama ambayo wachoraji wengine waliiweka kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Jina lake halijulikani. Lakini mchoraji amemtazama kama mtu wa maana kubwa, na ameutoa mwanga wote wa dirisha kwa kazi ya mikono yake.

HATUA YA 3: TAFUTA MIFUPA

Sasa ondoa rangi. Katika programu yako igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha ipunguze hadi iwe na ukubwa wa stempu. Kinachobaki kusomeka katika udogo huo ndiyo mifupa ya mchoro.

1. Kwenye leya mpya (tabaka la picha linalokaa juu ya jingine), chora stempu hiyo kwa rangi tatu tu: nyeupe, kijivu, nyeusi. Dakika kumi zinatosha.
2. Tafuta mwanga unaingilia wapi na unaishia wapi. Hapa unaingia kushoto juu, unapiga paji la uso, kifua na mkono, unalala kwenye mkate.
3. Tazama kingo za mwili. Upande wa mwili unaoangazwa umewekwa mbele ya sehemu ya ukuta yenye kivuli, na upande wenye kivuli umewekwa mbele ya ukuta mweupe. Kwa sababu hiyo mwanamke anajitokeza kana kwamba unaweza kumzunguka.
4. Tafuta mistari inakokutania. Vermeer alipachika pini kwenye turubai ili avutie nyuzi za kupimia, na tundu lake bado liko juu kidogo ya mkono wa kulia wa mwanamke. Mistari ya dirisha inakwenda pale. Jicho lako linapelekwa mkononi kwa nguvu ambayo hukujua ipo.

Chora nukta nyekundu mahali pa tundu hilo kwenye leya ya juu kabisa, uiache iwake hadi siku ya mwisho. Kitu chochote utakachoongeza kisiposhirikiana na nukta hiyo, kitakuvutia picha upande.

HATUA YA 4: ANDIKA SENTENSI MOJA

Daftarini, si kwenye simu, kamilisha maneno haya: "Ningetaka anayeujua mchoro huu ajiulize…"

Yangu, baada ya aibu ya chupa tupu, ilikuwa hii: *Ningetaka anayeujua mchoro huu ajiulize ni lini mara ya mwisho alimtazama dada wa kazi akifanya kazi.*

Sentensi ikishakaa, gawa ukurasa sehemu mbili.

YANAYOBAKI: mwanga wa kushoto, kichwa kilichoinama, mikono miwili yenye mzigo, ukuta mtupu, buluu.

YANAYOBADILIKA: maziwa yanakuwa chai ya rangi, gudulia linakuwa birika, dirisha la vioo vidogo linakuwa dirisha la nondo, kisanduku cha makaa kinakuwa jiko la mkaa.

Jiko la mkaa lilinifurahisha lilipokuja lenyewe. Makaa ya Delft ni ya kufukuza baridi, makaa ya kwetu ni ya kupikia, na yote mawili yako miguuni pa mwanamke mmoja anayefanya kazi. Unaona pia kwamba chupa ya chai imeondoka. Chupa ya plastiki yenye pampu haimiminwi, hubonyezwa, na hapo ndipo nilipokosea tangu mwanzo: nilichagua chombo kwa sura yake bila kuuliza kinatumikaje. Birika la chuma lililojaa lina uzito, na lina kitako cha kubebwa kwa kitambaa kwa sababu linaunguza.

Kitenge nacho niliking'oa. Kimejaa katika picha za namna hii, na mara nyingi kinawekwa ili kusema "hapa ni Afrika" na kuishia hapo. Dada wengi ninaowajua hufanya kazi kwa fulana na kanga iliyofifia kiunoni. Kanga ya buluu ikachukua nafasi ya aproni.

HATUA YA 5: PIGA PICHA ZAKO ZA REJEA

Usichore mikono kwa kukumbuka. Mtafute mtu, mpe birika lenye maji ya kweli hadi juu, umpige picha akimimina. Maji ya kweli, nasisitiza, kwa sababu birika tupu litakurudisha kwenye kosa langu.

Kuhusu mwanga, kuna tofauti ya kijiografia inayowaponza wengi. Delft iko kaskazini mwa dunia, karibu nyuzi 52, na jua huko halifiki utosini siku yoyote ya mwaka. Mwanga wa pembeni wanao karibu mchana kutwa. Huku kwetu, saa sita mchana jua linakaribia utosi, na mwanga unaopita dirishani unaanguka sakafuni hatua moja kutoka ukutani na kuishia hapo. Kwa hiyo:

1. Piga picha kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni.
2. Mweke mtu wako dirisha likiwa kushoto kwa mtazamaji, hatua moja au moja na nusu kutoka ukutani.
3. Jua likipiga dirisha moja kwa moja, tundika shuka jeupe. Mwanga wa Vermeer ni laini, vivuli vyake havina makali.
4. Zima taa ya ndani na flashi ya simu.
5. Piga mikono peke yake mara kumi, kwa karibu.

ONYO. Ukimtaka dada wa kazi wa nyumba fulani awe mfano wako, usimuombe ruhusa mwajiri wake ukadhani umemaliza. Muombe yeye, faraghani, mahali ambapo anaweza kusema hapana bila kuogopa. Mweleze picha itakwenda wapi. Mlipe kwa muda wake. Na kama hataki uso wake uonekane, chora uso mwingine, mikono inatosha.

HATUA YA 6: TAYARISHA TURUBAI

Uwiano wa mchoro wa asili uheshimu, maana sehemu ya utulivu wake iko pale. Kwa uchapaji wa ukubwa uleule kwa pikseli 300 kila inchi, fungua turubai ya pikseli 4843 kwa 5374. Simu ikilalamika, tumia nusu yake, 2421 kwa 2687. Itachapika vizuri vya kutosha kwa kutazamwa ukutani.

Panga leya kutoka chini kwenda juu hivi: ukuta na sakafu, dirisha, meza na vyakula, mwili, mikono na birika, chai inayomiminika, mwanga wa mwisho, na juu kabisa, nukta nyekundu. Zipe majina. Leya yenye jina "Leya 14" itakugharimu saa nzima siku ya tatu. Mikono na chai viwe peke yake, utaona sababu katika hatua ya 9.

HATUA YA 7: CHORA

Anza na kijivu. Jaza maumbo makubwa kwa brashi pana, bila vidole, bila macho, bila mikunjo ya kanga, hadi stempu yako ya rangi tatu isomeke. Kisha ongeza leya ya rangi juu yake. Ukianza na rangi utavutwa na uzuri wake, usijue kama mwanga umekaa.

Rangi za mchoro wa kale unaweza kuzichukua kwa kidondoshi moja kwa moja kutoka faili ya makumbusho, lakini chukua nne au tano tu. Nilichukua buluu ya aproni, njano ya kizibao, weupe wa ukuta penye mwanga, weupe wa ukuta penye kivuli, na hudhurungi ya mkate. Ule weupe wa pili utakushangaza: ukiutoa peke yake kwenye skrini ni kijivu chenye vumbi. Ngozi ya mtu wako usiichukue huko. Itoe kwenye picha yako ya rejea, na uangalie jinsi ngozi nyeusi inavyopokea mwanga wa dirisha kwa mng'ao wa samawati kidogo pembeni ya shavu. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kuichukua ngozi ya Kiholanzi na kuipunguzia mwanga. Inatoka majivu.

Mwisho wa hatua hii, iba siri moja ya Vermeer. Kando ya mwili wa mwanamke, upande wa kivuli, alipitisha mstari mwembamba mweupe kumtenga na ukuta. Huoni hadi uonyeshwe. Fanya hivyohivyo kwa brashi laini ya pikseli tano au sita, kisha ipunguze leya hiyo hadi karibu isionekane.

HATUA YA 8: ONDOA

Mwaka 2022 watafiti wa Rijksmuseum walitangaza walichokikuta chini ya rangi ya mchoro huu kwa vifaa vyao vya kupiga picha za ndani. Nyuma ya kichwa cha mwanamke Vermeer alikuwa ameanza kuchora ubao wa kutundikia magudulia, na karibu na sakafu kapu la kukaushia nguo kwenye moto. Akavifuta vyote viwili. Ukuta mtupu unaotufanya tunyamaze ulikuwa uamuzi, na ulikuja baadaye.

Mimi niliweka kalenda ya duka ukutani, kwa sababu kila jiko ninalolijua lina kalenda. Ilikaa siku nne. Kila mtu niliyemwonyesha alisoma mwaka kwenye kalenda kabla ya kuitazama mikono. Nikaizima leya, nikabakiza msumari wake na kivuli.

Zima leya zako moja baada ya nyingine, uitazame picha sekunde kumi kila mara. Kitu kisipokumbukwa, kifute.

HATUA YA 9: KAMA UNATAKA MWENDO

Turubai ya mafuta haiwezi kufanya hili, na faili yako inaweza. Acha picha yote itulie, chai peke yake iende. Chora uzi wa chai mara 12, kila mara ukibadilisha mng'ao wake kidogo, uziunganishe kama video fupi ya sekunde moja inayojirudia. Programu nilizozitaja zina uwezo wa fremu. Fremu ya 12 ifanane karibu kabisa na ya kwanza, vinginevyo kutakuwa na mruko.

Jizuie hapo. Ukimtikisa kichwa, ukapeperusha pazia, ukaongeza moshi wa jiko, utulivu umekwisha.

KISANDUKU: AKILI MNEMBA

Mwaka 2023 msichana mwenye hereni ya lulu alipoondoka kwa muda makumbusho ya Mauritshuis, The Hague, kwenda kwenye maonyesho makubwa ya Vermeer kule Amsterdam, makumbusho yaliwaalika watu wa dunia nzima watume picha zao za kumjibu. Zilikuja zaidi ya 3,000. Mojawapo ya zilizochaguliwa kutundikwa ilitengenezwa kwa akili mnemba, na wachoraji wengi walilalamika waziwazi.

Msimamo wangu ni huu. Itumie, ukitaka, kujaribu mipangilio kabla ya kuchora, na useme umeitumia. Usiiombe ikutolee kazi nzima. Hatua ya 2 hadi ya 8 zote zinapita katika jicho na mkono wako, na ukiziruka hutajua kwa nini chupa haina chai. Pia usiipe picha ya mtu aliyekubali kuchorwa na wewe, hakukubali hilo.

MAKOSA NINAYOYAONA MARA KWA MARA

Kivuli cha kitu kipya kwenda upande wake peke yake. Birika likikatwa kutoka picha iliyopigwa na mwanga wa kulia litaonekana limebandikwa hata ulipake vipi. Lipige upya.

Kulainisha kila kitu. Vermeer ana nukta za ukali kwenye mkate na ulaini kwenye ukuta. Chagua mahali pamoja pa ukali.

Simu na spika za masikioni kupachikwa ili "iwe ya kisasa". Kama sentensi yako ya hatua ya 4 haihitaji simu, iache mfukoni mwa mtu.

KUTOA KAZI

1. Hifadhi faili yenye leya zote, kisha nakala ya PNG, kisha JPEG ya kutuma.
2. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama faili, maana ikitumwa kama picha hubanwa na kupoteza ule mstari mweupe uliouhangaikia.
3. Kabla ya kuchapa kubwa, chapa kipande cha kiganja chenye buluu. Buluu kali ya skrini hufifia kwenye karatasi karibu kila mara, na ni heri ulijue hilo kwa gharama ndogo.
4. Andika maelezo ya chini ya picha bila kuficha. Yangu yanasomeka hivi: *Kanga ya Buluu. Mchoro wa kidijitali, kutokana na Mmimina Maziwa wa Johannes Vermeer (1660 hivi), Rijksmuseum, Amsterdam. Mikono imechorwa kutokana na picha zilizopigwa kwa idhini ya aliyepigwa.*
5. Nakala ya kwanza iliyochapwa mpelekee aliyeshika birika. Wangu aliishika mbali na macho kama mama alivyofanya, akanionyesha kidole gumba cha kushoto. "Hapa paliniunguza," akasema, na alikuwa sahihi, nilikuwa nimesahau kukunja kitambaa. Nikarudi nikafungua leya ya mikono.